Neno "Wahusika"

Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha pale Tunduma. Napokea nyaraka za malori yanayovuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kujibu simu za madereva. Bosi alipoleta programu ya akili mnemba ya kujibu ujumbe wao, aliniambia nimsaidie fundi aliyeitengeneza, dada mmoja kutoka Mbeya, kwa kuwa eti Kiswahili changu kimenyooka.

Fundi alinieleza kwamba programu ilikuwa na zana kadhaa: moja ya kuangalia lori liko wapi kwenye foleni, nyingine ya kuandaa nyaraka, nyingine ya kutuma ujumbe. Dereva akiandika, programu husoma maelezo ya kila zana, kisha huchagua itumie ipi. Maelezo hayo ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Alinionya niandike kana kwamba namwachia ofisi mgeni asiyeweza kunipigia kuniuliza.

Niliyaandika kwa asubuhi moja, simu mbili zikilia mezani. Zana ya ujumbe niliipa mstari mmoja: "Hutuma taarifa kwa wahusika." Ni sentensi ya kiofisi, nimeiona kwenye barua nyingi. Sikujiuliza wahusika ni akina nani.

Wiki ya tatu dereva wetu mmoja, mtu mpole wa Ileje, aliandikia ofisi akiwa kwenye foleni. Mkewe alikuwa hospitali Vwawa, mimba ya miezi sita ilikuwa imeharibika. Aliomba mwenzake aje achukue gari ili yeye aende. Programu iliuchukua ujumbe ule kama ulivyo, ikautuma kwenye kundi la simu la madereva wetu wote. Kabla hajashuka garini, simu yake ilikuwa imejaa pole. Mmoja wao, jirani yao huko Ileje, kwa nia njema akampigia mama yake dereva. Mama hakuwa anajua lolote.

Niliuona ujumbe kwenye simu yangu. Nilitoka ofisini bila kuaga nikaifuata foleni kwa miguu, nikisoma namba za malori, nikipishana na bodaboda na wabadilisha fedha. Nilipolifikia gari, mtu mwingine alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Nilimpigia dereva, hakupokea. Niliandika ujumbe wa kuomba radhi, nikaufuta, nikaandika mwingine, nao nikaufuta.

Siku zile kiti hakikukalika. Fundi aliizima zana ile na kuniambia kosa lenyewe ni la kurekebisha kwa dakika tano. Bosi alisema programu ndiyo iliyokosea. Sikuweza kulipokea hilo, maana mstari niliuandika mimi.

Siku ya nne dereva akapokea simu. Hakunigombeza. Alisema, "Dada, nilitaka niende mwenyewe kwa mama. Nikae naye, tule, ndiyo nimwambie."

Jumamosi nilipanda gari la Isongole, huko Ileje, nikiwa na kilo mbili za sukari. Nilimkuta mama yake uani, anapukuchua mahindi. Nilimwamkia, nikampa pole, nikajieleza. Maneno ya zana na programu yalikataa kutoka. Mwishowe nilisema tu kwamba niliandika agizo la ovyo, mashine ikalifuata.

Alimaliza gunzi lililokuwa mkononi.

"Habari yenyewe ilikuwa ya kweli, mwanangu," alisema. "Ila haikuwa ya mtu yule kuileta. Sasa umeliandikaje hilo agizo?"

Siku zote zile nilikuwa nimezunguka na aibu yangu, na sikuwa nimeandika hata neno moja.

Jumatatu niliandika: "Hutuma ujumbe kwa mtu mmoja tu, yule ambaye mwandishi amemtaja. Usiitumie kwa kundi. Ujumbe ukigusa ugonjwa, kifo au mambo ya nyumbani, usimtumie mtu yeyote, mwite karani." Nikamwomba fundi zana nyingine, ya kutafuta dereva wa kushika gari, nikaiandikia: "Taja gari na mahali lilipo. Usitaje sababu." Nilimpa mwenzangu wa kaunta asome, nikamuuliza angeufanyaje ujumbe wa dereva yule. Alijibu vizuri, kisha akauliza, "Na karani akiwa hayupo?" Hilo sikuwa nimeliwaza. Nikaongeza mstari kwamba hapo programu imwite bosi.

Dereva alirudi kazini baada ya wiki mbili. Tunasalimiana vizuri. Mambo ya gari huiandikia programu. Ya nyumbani huja dirishani kuniambia kwa mdomo, nami simlaumu. Zana zimeongezeka. Kila ikija mpya naandika maelezo yake, nainuka, natembea hadi mlangoni, narudi kuyasoma. Bosi husema nachelewesha kazi. Namwacha aseme, nayasoma tena.