Gitaa la Mwenye Jina

Nilipokuwa mtoto huko Mazingara, Handeni, mdogo wangu wa kiume alizaliwa akilia na hakuacha. Ziwa hataki, mgongoni hatulii. Bibi, mzaa baba, akasema huyu haumwi tumbo, analilia jina. Akampakata, akaanza kumtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Alipofika kwa marehemu mumewe, "Sefu?", mtoto akanyamaza. Bibi akapiga kigelegele.

"Mume wangu karudi!"

Nilikuwa nimesimama pale pale, pengo mdomoni, na moyo uliniuma jamani. Babu Sefu alikuwa mpiga gitaa. Ujanani alikata mkonge huko Mazinde, na siku za mapumziko akiwachezesha wenzake kambini. Uzeeni alirudi kijijini, na aliyekaa miguuni pake kila jioni akiyatazama yale madole yake ni mimi. Alipofariki gitaa likatundikwa ukutani, nami nikawa nasubiri tu mikono yangu irefuke. Sasa kinakuja kichanga hata shingo haijakaza, kinapewa jina, kinapewa na gitaa!

"Bibi, na mimi je?"

"Wewe utakuwa na vyako, Mwajuma. Mkono wa muziki umekwenda na jina. Ukiligusa hilo gitaa, mwenzio ataumwa."

Nililigusa. Uzi mmoja tu, kwa kidole kimoja. Kabla ya alfajiri Sefu alikuwa anawaka homa. Ilikuwa masika, nusu ya kijiji walikuwa wanatetemeka kwa malaria, lakini hayo nayasema leo. Siku ile niliapa sitaligusa tena.

Nikajitengenezea langu kwa galoni la mafuta, kipande cha ubao na nyuzi za mkonge. Uzi wa mkonge sauti yake haikai, ukiugonga tu imekufa. Palipobaki patupu nikawa najazia kwa mdomo. Mpaka leo, hapa Korogwe ninakopiga na bendi yangu, ndivyo ninavyotunga: naimba kwanza peke yangu jikoni, gitaa naliingiza pale sauti inapokwama. Watu huniuliza nilisomea wapi muziki. Nawajibu nilisomeshwa na wivu, wanacheka. Mimi sicheki.

Maana Sefu mwenyewe gitaa hakulitaka kabisa. Yeye na pikipiki, pikipiki na yeye. Bibi akimtetea: "Mume wangu ana mambo mengi." Sikukuu ya Idi akikwaruza nyuzi mara mbili, Bibi machozi yanamtoka. Mimi nikimletea nyimbo zangu kwenye simu, anasikiliza, anasema, "Nzuri. Ila unamwiga babu yako."

Mwaka huu nilikwenda kumsalimia Bibi. Macho yake sasa hayaoni. Sefu alikuwa barabarani na abiria wake, na gitaa liko ukutani, nyuzi zimeota kutu. Nikasema potelea mbali. Nikalishusha, nikalifungia nyuzi mpya, nikakaa barazani na kuupiga ule wimbo Babu aliokuwa akiupiga kila jioni.

Ndani, Bibi alikuwa anachambua choroko. Nikasikia ungo umetulia.

"Sefu?"

Wivu wa miaka yote ukanipanda. Hata hili nalo apewe yeye! Nilitaka kufoka, lakini vidole havikukubali kuacha. Nikaitika.

"Abee, Bibi."

Akatoka akipapasa ukuta, akakaa karibu nami, akaushika mkono wangu wa kushoto na kuzipitia sugu za vidole, kimoja baada ya kingine.

"Mume wangu," akasema taratibu, "mbona umechelewa hivyo kuitika?"

Nililia kama mtoto, sioni haya kusema.

Kama jina hubeba mkono wa mtu, sijui. Ila nadhani ningepewa gitaa lile tangu mwanzo, labda nisingehangaika na galoni, na nyimbo zangu zisingekuwepo. Hilo halijaniondolea wivu. Ile miaka ya kuitwa mume wangu aliipata Sefu, hairudi.

Jioni akaingia, vumbi tupu. Kabla hata hajanipa shikamoo nikamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Vipi dada, nina nini?"

Hakuwa na homa. Alikuwa na njaa tu, nikampakulia.