Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Ukiwauliza watu wa kijiji chetu, kule chini ya Garsen, watakwambia Susan mke wa marehemu Jilo alikuwa mwanamke mwema. Nami sibishi. Lakini alikuwa na wivu, tena si wivu wa mchezo, na sioni sababu ya kuuficha, maana yeye mwenyewe aliutamka mbele ya kanisa zima, wanaume wamekaa huku na wanawake kule.

Siku hizo, mwaka wa hamsini na saba, misheni ilikuwa na nyumba ndefu ya udongo na makuti karibu na ukingo wa mto, ikiitwa Nyumba ya Faraja. Humo walilazwa vipofu, wakoma waliokwisha kupona wakakataliwa kwao, wajane wasio na mtu, na watu ambao mafuriko yalichukua mashamba yao yakawaacha mikono mitupu. Hakuna aliyeulizwa dini yake mlangoni. Waliokuwa wakiwatumikia ni wanawake wa kijiji, kwa zamu, bila kulipwa hata senti. Huyu anachota maji, yule anapika uji, mwingine anafua. Mchungaji Kenga, Mgiriama mpole aliyeletwa kutoka pwani, ndiye aliyekuwa msimamizi.

Zamu ya Susan ilikuwa Jumatatu na Alhamisi, lakini alikuwa akija kila siku ya Mungu. Sababu yake ilikuwa moja, nayo ililala kwenye kitanda cha kamba cha mwisho, karibu na dirisha. Ni bibi kizee mmoja aitwaye Tuneya, Mpokomo Mwislamu wa Kinakomba, aliyeletwa kwa mtumbwi kutibiwa macho. Macho hayakupona. Waliomleta walisema watarudi, na hadi leo hawajarudi. Susan alimwogesha, akamchana nywele, akamlisha kwa mkono wake miaka sita. Asubuhi alimtandikia mkeka na kumwelekeza kibla, kisha akatoka kwenda kuimba tenzi na wenzake. Na kila akimaliza kumlisha, bibi alikuwa akimpapasa uso na kumwambia, "Ahsante, mwanangu."

Hilo neno, jamani. Susan hakujaliwa mtoto. Jilo alifariki akamwachia shamba la ndizi na mpunga kidogo, basi. Kijijini kila mwanamke wa rika lake aliitwa mama fulani, yeye akaitwa Susan tu mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe. Duniani kote alibaki mtu mmoja wa kumwita mwanangu, naye alikuwa kipofu asiyejua hata Susan ana sura gani. Ndiyo maana hakukubali mwingine amguse. Wenzake walimtania kwamba alimnunua bibi yule sokoni, naye alicheka, lakini kijiko hakukiachia.

Kisha kikaja kiangazi kilichowamaliza ng'ombe wa Waorma, wale wafugaji wa uwandani. Siku moja akaletwa Sabdio, mjane wa Kiorma, kijana bado, mwembamba, homa imemkausha midomo. Katika mifugo yote ya marehemu mumewe alibakiwa na ng'ombe mmoja na ndama wake. Alipopona hakuondoka. Alimwambia mchungaji kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba mtu hali chakula cha watu bure, akaanza kufagia na kubeba maji pamoja na wanawake wa zamu. Susan alimpenda. Alimpa hata kanga yake ya pili, maana mgeni njoo, mwenyeji apone.

Huo upendo ulidumu kama mwezi hivi.

Bibi Tuneya alipatwa na ugonjwa wa tumbo. Uji wa mchele ukawa haukai. Kambare wa kuchemsha, chakula alichokipenda kuliko vyote, akawa akisikia harufu yake tu anageuka. Susan alipika hiki, akapika kile, akamtafutia ndizi mbivu akaziponda, wapi! Wiki ya pili shingo ya bibi ilikuwa imebaki mishipa. Ndipo Sabdio alipomletea maziwa katika kibuyu chake.

Waorma hawaoshi kibuyu cha maziwa kwa maji. Huchukua kijinga cha moto cha mti wao wanaoujua, hukitia ndani ya kibuyu, huziba mdomo kwa kiganja na kukitikisa mpaka moshi uingie kila mahali, kisha hukung'uta majivu. Maziwa yakilala humo hayaharibiki, na yana harufu yake ya moshi. Sisi watu wa mtoni tulizoea kuwacheka kwa hilo. Tulisema hawa wanakunywa jiko.

Bibi Tuneya alikunywa kibuyu kizima. Akalia. Akasimulia kwamba utotoni mwake kule Kinakomba baba yake alikuwa na rafiki Muorma, akipeleka mahindi na kurudi na maziwa, na kwamba ladha ile hajaionja tangu aolewe. Akanyoosha mkono, akaupapasa uso wa Sabdio, akamwambia, "Ahsante, mwanangu."

Susan alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la ndizi. Alirudi nyumbani siku hiyo bila kumuaga mtu, akalima magugu mpaka jua likazama, na magugu hayakuwa na kosa lolote.

Kuanzia hapo hakuona tena jema kwa Sabdio. Alimwona anavyokaa kitandani kwa bibi, akamwona mvivu. Akimsikia anacheka na bibi, alijua anasengenywa. Bibi alinenepa mashavu, na Susan, Mungu amsamehe, alichukia hata yale mashavu. Angefurahi bibi apone, ndiyo, lakini apone kwa mkono wake. Aliwaambia wenzake kwamba kile kibuyu ni kichafu, cheusi ndani kama chungu cha mganga, na kwamba siku moja kitamuua mtu. Wakamwambia aache kijicho. Akajibu kwamba yeye na kijicho wapi na wapi, yeye anasema usafi.

Ikafika siku Sabdio alipata habari kwamba kaka yake, Kalla, amehamia karibu, ng'ambo ya kivuko cha Garsen, na kwamba anaumwa. Akaomba ruhusa ya siku mbili kwenda kumwona. Kabla ya kuondoka alikifukiza kibuyu vizuri, akakitundika kwenye nguzo, akamtafuta Susan. Alimwita dada. Alimwomba amkamue ng'ombe jioni, ayatie maziwa kibuyuni, yalale, asubuhi ampe bibi. Asifanye jambo lingine lolote. Kati ya wanawake wote pale, alimchagua Susan, kwa sababu aliona anavyompenda bibi.

Sabdio alipopotea machoni, Susan alikitungua kile kibuyu. Alikinusa. Kilinuka moshi, kilinuka Sabdio mtupu. Akateremka nacho mtoni, akachukua mchanga na kipande cha mche wa sabuni, akakisugua ndani na nje, akakisuuza, akakisugua tena. Maji yalitoka meusi, naye akajiambia, si mnaona? Akakianika juani mpaka kikawa hakina harufu ya mtu yeyote. Alijisadikisha kwamba anamkinga bibi na uchafu. Lakini kama ni usafi tu, mbona aliangalia nyuma mara tatu kabla ya kuanza?

Maziwa yakalala humo usiku kucha. Asubuhi yalikuwa na mabonge na yananuka sabuni. Susan hakuzoea maziwa. Kwake yote yalikuwa yananuka. Akampa bibi. Bibi, kwa njaa na kwa imani, akanywa mafunda manne kabla hajasukuma mkono.

Alitapika mpaka adhuhuri na kuharisha mpaka siku ya pili. Mchungaji Kenga alipokuja mbio na kuuliza bibi amekula nini, Susan alikuwa ameshika kibuyu mkononi. Hapo angeweza kusema. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka kikawa kingine.

"Ni kibuyu cha Sabdio," alisema. "Nimesema siku zote kwamba ni kichafu."

Sabdio aliporudi alikuta shauri limekwisha katwa. Mchungaji hakumgombeza; alimwambia kwa upole kwamba kuanzia sasa maziwa yachemshwe katika sufuria ya misheni, na kile kibuyu kisiingie tena ndani. Wanawake walikuwa wamesimama wanatazama chini. Sabdio alikichukua kibuyu, akakiweka puani. Akakaa nacho hapo kitambo. Kisha akamtazama Susan, si kwa ukali, akamtazama tu, na Susan akajifanya anakunja shuka. Asubuhi yake Sabdio alifungua ng'ombe wake na ndama, akaondoka. Kanga ya Susan aliiacha kitandani, imekunjwa vizuri.

Na Susan akafurahi. Nisiwafiche, alifurahi, akavaa nguo safi, akaenda na uji kukaa mahali pake pa zamani. Bibi akauliza Sabdio yuko wapi. Susan akajibu kwamba amerudi kwao kwa kupenda kwake, wala hakuaga. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Bibi aligeuza uso ukutani.

Siku ya tatu bado uso uko ukutani. Uji haukuguswa. Maziwa ya kununua, ya sufuria, aliyatia mdomoni, akayaacha yatiririke kwenye kidevu. Susan alibembeleza, akaimba, akalia, mwisho akakasirika akamwuliza yeye amemkosea nini, miaka sita yote. Bibi akamwambia kwa sauti ndogo kwamba hajakosewa na mtu, ila chakula hakipiti. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya shuka, na haukuinuka kumpapasa Susan wala mtu yeyote. Susan alikuwa amebaki na bibi peke yake, kama alivyotaka, na bibi anakufa mikononi mwake.

Jumapili, watu walipokuwa wakisubiri baraka, Susan alisimama. Alianza na maneno ya kuzunguka, akaona hayatamfikisha, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akasema lote: wivu, sabuni, mchanga, uongo wa kwanza, uongo wa pili. Wanawake wakashika vinywa. Mchungaji Kenga akamwambia kwamba Mungu amesikia, lakini aliyeonewa hayumo humu kanisani, na njia ya Garsen anaijua.

Alivuka Jumatatu alfajiri, akatembea uwandani mpaka jua lilipokuwa utosini, akaonyeshwa nyumba ya Kalla. Sabdio alikuwa anakamua. Hakuinuka. Susan aliyatamka tena yote, amesimama juani.

"Nilinusa sabuni siku ile ile," Sabdio alisema.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangeamini nani, dada? Wewe uko kwenu."

Susan alimsihi arudi. Sabdio alikataa, bila hasira, kama mtu anavyokataa chakula akiwa ameshiba. Alisema mtu akiitwa mchafu mara moja, kila atakachoshika watakinusa. Lakini aliuliza bibi anakula nini, na alipoambiwa, alisimama akaingia ndani, akatoka na kibuyu kipya na fungu la vijiti vya ule mti wao. Akamkalisha Susan karibu na moto, akamfundisha. Si kwa namna hiyo, kiganja kizibe. Tikisa. Tena. Kijinga kilimwunguza Susan mkono wa kulia mpaka ngozi ikatoka, na Sabdio hakumwambia apumzike. Na hata hapo, nawaambieni, wivu haukuwa umekufa. Akimtazama yule mwanamke mdogo anavyomfundisha aliyemfukuzisha, roho ilimwuma kwamba hata kwa wema amezidiwa.

Kesho yake, wanawake wa Kiorma walipokuja kijijini kubadilisha maziwa kwa chakula kama desturi yao, Susan aliwapa mpunga wake. Alikifukiza kibuyu peke yake nyuma ya jiko, akayatia maziwa, akayalaza. Asubuhi akaingia nayo Nyumba ya Faraja. Hakubisha hodi wala hakusalimu, maana hakujua aanzie wapi. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwinua bibi kichwa, akamsogezea kibuyu puani.

Bibi Tuneya alitulia. Akavuta pumzi, akavuta tena. Akakishika kibuyu kwa mikono yote miwili, akanywa, akapumzika, akanywa mpaka Susan akahisi koo linavyopanda na kushuka kwenye mkono wake. Watu wa vitanda vya jirani waliinuka kutazama. Alipomaliza, bibi alinyoosha vidole, akakipata kile kitambaa, akakishikilia.

"Sabdio," alisema. "Umerudi, mwanangu."

Wanawake wa zamu walikuwa mlangoni, na wote walisikia. Walimwona Susan anafungua mdomo, anaufunga. Jina lake lilikuwa pale pale ulimini, na ilitosha kulisema mara moja tu. Kibuyuni yalikuwa yamebaki maziwa kidogo.

"Nimerudi, mama," Susan alijibu kwa sauti ya chini. "Malizia kunywa."