Mikono ya Mzamiaji

Mzamiaji wa bwawani kwetu, Nyumba ya Mungu, hufanya kazi akiwa amefumba macho. Kila kitu hukipapasa polepole, kama ninavyopapasa paji la mwanangu kujua kama ana homa. Boti iliyobeba mashine ya kusaga ya kikundi chetu cha akina mama ilipozama, tulirudi kutembea hadi Lembeni kusaga, mahindi kichwani na watoto mgongoni. Ndipo akaitwa. Asubuhi ile ya Julai, baridi ikiuma, hakukimbilia majini. Alipanda kwenye boti nyingine iliyokuwa nchi kavu, iliyoundwa na mtu yuleyule aliyeunda ile iliyozama, akafumba macho, akaipapasa ubao kwa ubao. Methusela mvuvi akacheka.

“Fundi, mashine haimo humo.”

“Najua, bwana. Huko chini tope halinionyeshi hata kidole changu. Acha mikono ijifunze njia.”

Akavaa mtungi wake wa hewa, akazama na kamba nene mkononi. Mwanangu alilala, akaamka, nasi bado tunatazama mapovu. Mara kamba ikatikiswa mara tatu, kama alivyotuagiza. Wanaume wakavuta, Methusela akiwa wa mbele, na gurudumu la mashine likachomoza likichuruzika tope. Tulipiga vigelegele hadi wavuvi wa mbali wakageuka. Yeye aliibuka mwisho, midomo ikimtetemeka, macho bado kayafumba. Nikamwekea kikombe cha uji viganjani. Akakizungusha mpaka akapata kishikio chake, akaonja, akafumbua macho.

“Dada, unga huu ni wa Lembeni,” alisema. “Kesho nitakunywa wa hapa.”