Kiduha Nilichokiacha Kichanue

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile ya palizi huko Mwamapalala. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kichwa kimejaa ndoto za nyumba yenye maua mbele, kama zile nilizoziona Bariadi mjini.

Bibi alinipa upande wa chini wa shamba la mtama, ning'oe kiduha kabla hakijachanua. Ni kijimea kifupi chenye maua ya zambarau, kizuri kweli, lakini mizizi yake inanyonya mtama huko chini mpaka unasinyaa hata mvua ikinyesha. Niling'oa, nikachoma. Kwenye kona moja nikakuta vimeshatoa maua. Nikavionea huruma, nikaviacha.

"Umemaliza vyote, mayu?" bibi aliniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma kama alivyozoea.

"Vyote, bibi."

Mbegu zake ni kama vumbi, mwanangu. Mwaka uliofuata kona nzima ilikuwa zambarau. Mwaka wa tatu hatukupata hata gunia moja. Bibi akasimama shambani akasema, "Hii siyo bure. Kuna mtu."

Huyo mtu akawa Mama Kabula, mjane tuliyepakana naye, aliyekuwa akituazima plau yake kila msimu. Shamba lake lilikuwa safi kwa sababu aling'oa. Bibi akaona huo ndio ushahidi wa uchawi.

Mama Kabula akipita asubuhi alisalimia, "Mwangaluka." Bibi anageuka kuangalia kuku. Siku moja akaniuliza mimi, "Mjukuu, masikio ya bibi yako yameota nyasi?" Akacheka, nami nikacheka naye. Ile kona sikuitaja. Watu wakaanza kumkwepa kisimani, na kabla ya mavuno yaliyofuata akafunga mizigo yake, akaenda kwa kaka yake huko Nassa.

Ilinichukua mwaka mwingine kumwambia bibi.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Na mimi nimemfukuza mtu."

Tukapanda basi kwenda Nassa kumwomba radhi. Kaka yake alitupokea vizuri, akatupa viti na maji ya kunywa. Kisha akatupeleka nyuma ya nyumba, akatuonyesha kaburi.

Bibi hakulima tena. Shamba lile napalilia mimi, kila mwaka, na kiduha kinaota tu. Sijui kitaisha lini. Pengine hakitaisha.

Basi ukikosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo. Usisubiri upate maneno mazuri, mimi niliyasubiri mpaka wa kuambiwa akafa. Na ukisikia mtu anabebeshwa kosa lako, simama useme ni langu, hata kama sauti inatetemeka na wote wanakuangalia. Aibu hiyo utaizoea. Hii yangu sijaizoea.

Mungu akupe ujasiri nilioukosa. Akujalie majirani wema, na wakikusalimia, uwe na uso wa kuwaitikia.