Kanga Kwenye Basi la Treni

Unguja hatuna treni, lakini wataalamu wa treni tunao. Nyumbani kwetu, Mkunazini, mtaalamu ni mimi. Nimepanda treni ya bara mara mbili, yaani kwenda Dodoma na kurudi, na tangu hapo mtu akitaja safari ya bara nakaa vizuri, nakohoa kidogo, naanza kueleza hata kama sijaulizwa.

Kwa hiyo mdogo wangu, aliyeolewa Dodoma, alipokuwa anarudi kwa mama kuzaa mtoto wake wa kwanza kama desturi yetu ilivyo, safari niliipanga mimi. Alikuwa amechelewa. Ni mwalimu, na hakutaka kuwaacha wanafunzi wake kabla ya mitihani, mpaka daktari akamwambia kama anakwenda aende sasa, asingoje tena. Mama alikuwa halali vizuri. Alihofia mwanawe atashikwa na uchungu njiani, katikati ya watu wasiomjua.

Nilimkalisha mama jikoni nikampa maelezo kamili. Treni inafika Dar es Salaam. Hapo stesheni lipo basi linalowachukua abiria wa boti na kuwapeleka bandarini. Basi hilo halizunguki mitaani wala halipigi honi kuita watu. Saa yake ikifika linaondoka, na anayelikosa huenda akaikosa boti ya mwisho, akalala Dar.

"Dereva wake nani?" akauliza mama.

"Nitamjulia wapi, mama?"

"Mwanangu ana tumbo lile, unampandisha gari usiyemjua dereva wake?"

Mama kwao Mkokotoni, kijijini, au shamba kama tusemavyo Unguja, na basi kwake ni ile gari ya shamba aliyoizoea. Dereva ni mtoto wa fulani. Ukifika Darajani unatandika kanga yako juu ya kiti, unakwenda zako kununua samaki na kusalimiana na nusu ya soko. Kanga ikishakaa pale, ni wewe umekaa. Hakuna wa kuiondoa, na gari haiendi mpaka mwenye kanga arudi, akiwa na samaki wake na habari zote za mjini.

"Mwambie atangulize kanga," mama akasema.

Nikacheka mpaka nikaweka kikombe chini. Nikamweleza kwamba bara hawayajui mambo hayo, kanga yake wataikunja vizuri kisha waikalie. Jioni yake nilimsikia kwenye simu akimwagiza mdogo wangu achukue kanga mpya, yenye rangi ya kuonekana.

Siku ya safari mama alipika tangu alfajiri, vyakula vya kuwatosha abiria wote wa treni. Mchana tukapigiwa na namba ngeni. Alikuwa mdogo wangu. Simu yake imeisha chaji, ameazima ya mama mmoja wa Fumba waliyekaa pamoja kwenye treni, naye anarudi Unguja. Treni imechelewa kidogo, lakini wanaingia stesheni. Nikamhimiza afanye haraka. Mama akaninyang'anya simu, akamwambia asithubutu kufanya haraka.

Tukangoja. Nilijitia kutazama habari kwenye televisheni. Mama alikuwa anafuta meza ambayo alishaifuta. Mwisho akashindwa kuvumilia, akaipiga ile namba mwenyewe na kuweka sauti kubwa.

Yule mama wa Fumba alipokea huku anahema. Alikuwa ameshapanda basi. Mdogo wangu alikuwa nyuma, miguu imemvimba, anatembea anapumzika, na amemtanguliza yeye na kanga. Kanga ameitandika kiti cha mbele. Lakini saa ya basi imefika na dereva anataka kuondoka.

"Nshamwambia pana mtu pale," alisema. "Ananambia mtu haonekani, anaona nguo tu."

Nilimtazama mama kwa macho ya mtu aliyekwishasema. Niseme kweli, nilifurahi kidogo. Kisha nikakumbuka ni nani aliyekuwa akijikokota kule na tumbo lake, na furaha ikanitoka. Nyuma ya sauti ya yule mama tulisikia zogo. Abiria wengi walikuwa wa kwetu, na mmoja alikuwa anapiga kelele, "We hebu ngoja, huoni kanga hiyo?" Mwengine akamjibu kwamba wataikosa boti wote kwa ajili ya kanga ya mtu mmoja.

"Nipe dereva," mama akasema.

"Mama, huyo yuko kazini," nikamwambia. "Haongei na—"

"Nyamaza wewe. Bi mkubwa, nipe dereva."

Simu ikapita mkono kwa mkono. Sauti ya kiume ikasema haloo, kwa ukali. Nilidhani mama atamgombeza, au atamuuliza kwao wapi na babake nani. Alimsalimia vizuri, akamuuliza hali yake na ya watoto wake, naye akajibu, hana la kufanya.

"Mwanangu," mama akasema, "huyo anayekuja nyuma ni binti yangu, anakuja kwangu kuzaa. Mie wa kwanza nilimzaa peke yangu. Mama yangu alikuwa anakuja kutoka shamba, gari ikamwacha. Kafika siku ya pili, mie nshamaliza. Nlimwita usiku kucha. Mngoje kidogo, baba, nakuomba."

Wa kwanza ni mimi. Bibi yangu, mpaka anakufa, alikuwa akinisimulia nilivyotoka nikilia, jinsi alivyonipokea na kuniosha kwa mikono yake, na mama alikaa pembeni akimsikiliza bila kumsahihisha hata siku moja. Nilimtazama mama na kitambaa chake cha kufutia meza, nikaona aibu kwa maelezo yangu yote.

Halafu tukasikia mngurumo wa basi umezimwa, na dereva akasema, "Mama, nimeshamuona. Nashuka nimsaidie mzigo."

Boti haikuwa imeondoka hata bandari ya Dar, mama alikuwa ameshavaa baibui yake na amesimama mlangoni. Nikamfuata mpaka Malindi, bandarini kwetu. Tulikaa pale mpaka jioni, akikataa maji, akikataa kiti. Watu walipoanza kushuka aliwapisha wote kimya, akitazama nyuso. Mdogo wangu alitokea mwishoni, taratibu, amejifunga ile kanga. Mama alilia kwa sauti mbele ya wachukuzi, akamkumbatia na tumbo lake.

"Nimekuwahi," akawa anasema. "Nimekuwahi, mwanangu."