Mbolea kwenye Chupa ya Mama Dinah

Ukitaka kumkasirisha Tryphena wa Mghange, mwambie kuna mmea uliomshinda. Kabeji zake zilishuka Voi kila siku ya soko, na wanunuzi walizitambua kabla hawajamwona mwenyewe, kwa ukubwa wake na kwa majani yasiyo na tundu hata moja. Siri yake haikuwa siri. Aliloweka mavi ya mbuzi kwenye debe kuukuu, akaliacha mpaka maji yakawa meusi na kuchacha, kisha akayamimina kwenye kila shina kwa kikombe cha bati. Majirani wa mlimani walifanya vivyo hivyo, ila yeye hakuwa na mchezo. Wanawake wa kanisani walimtania kwamba Tryphena akiusahau mwiko shambani, atarudi aukute umechipua. Alicheka nao, lakini moyoni aliamini. Mkono huo wa kuotesha kila kitu ndio uliomponza.

Alikuwa mjane, na mtoto alikuwa naye mmoja tu, Dinah. Alimsomesha kwa kabeji hizo hizo mpaka akawa karani katika mradi mmoja wa maji pale Voi. Mradi ulikuwa na wataalamu kutoka nje, na mmoja wao, Mjapani mpole aitwaye Morita, akampenda karani. Hayo yalikuwa mwaka wa sabini na tatu. Watu walisema mengi, we acha tu. Mahari ilitolewa, harusi ikafungwa kanisani, na kabla mwaka haujaisha Morita akaitwa kwao. Dinah naye huyo, na masanduku yake.

Siku ya kuagana Tryphena aliuliza swali ambalo mama yeyote angeuliza: mtarudi lini? Dinah akamtazama mumewe. Morita, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba maji na kusema asante, alienda garini akarudi na chupa pana ya kioo. Ndani ya maji kulikuwa na kitu cha kijani, cha mviringo, kidogo kuliko limau, chenye manyoya laini kama ya kifaranga. Dinah akaeleza kwamba ni mmea wa majini, unatoka katika ziwa la baridi huko kwao, na watu hupeana kama ukumbusho. Haupendi jua. Unabadilishiwa maji tu, hautaki kitu kingine. Kisha Morita akasema neno, na wote wawili wakacheka.

"Anasema nini?" Tryphena akauliza.

"Anasema, mama, mpira huu ukiijaza chupa, sisi tutakuwa tumerudi."

Tryphena hakucheka. Aliipokea chupa kwa mikono miwili, akaenda kuiweka kwenye chumba cha Dinah, kwenye rafu iliyo mbali na dirisha.

Kuna watu wakipewa ahadi huisahau kabla vumbi la gari halijatua. Yeye hakuwa mtu wa hivyo. Alibadilisha maji alivyoagizwa, tena maji ya chemchemi, si ya mfereji. Mara kwa mara aliutoa ule mpira, akauzungushia uzi kuupima. Mwaka ukapita, uzi ni ule ule. Wa pili ukapita, uzi ni ule ule. Barua za Dinah zilikuja na picha za theluji, na hakuna hata moja iliyotaja kurudi. Tryphena hakumlaumu mtoto. Atarudije na mpira haukui?

Rafiki yake wa Voi, Mwanaesha, ambaye nyumbani kwake ndiko alikopumzika siku za soko, alipanda Mghange siku moja kumjulia hali. Akaiona chupa.

"Mwenzangu, wafuga nini humu? Ukoga?"

"Ni wa Dinah."

"Mbona haukui basi? Ama wamnyima chakula mtoto wa watu?"

Mwanaesha alikuwa akitania, na kabla hajamaliza chai yake alishasahau. Lakini maneno hayo yalimchoma Tryphena, maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitu cha kijani kinalala na njaa nyumbani kwake. Ni kweli alikatazwa kuongeza kitu. Amekatazwa na nani? Na mtu wa kupima mabomba. Huyo alilima wapi, akavuna nini?

Basi akachota kwenye lile debe, akachuja kwa kitambaa safi, akatia kijiko kimoja ndani ya chupa. Baada ya wiki chache maji yakawa ya kijani, na mpira ukaanza kuota nyuzi nyororo ndefu kila upande. Alipouzungushia uzi, uzi haukutosha. Jamani, furaha ya mama yule! Akaongeza kijiko cha pili. Akapaka chokaa chumba cha Dinah, akashona foronya mpya, na Jumapili akasimama kanisani akatangaza kwamba mwanawe atakuwa nyumbani Krismasi. Watu wakapiga makofi.

Ni mwezi huo huo ndugu yake Danson alipokuja kutoka Mbololo na binti yake, Susan. Danson alikuwa amefiwa na mkewe, na Susan alikuwa amepata nafasi katika shule iliyo karibu na kwa Tryphena. Walichoomba ni mahali pa kulala tu.

"Chumba ni cha Dinah," Tryphena alisema. "Yuko njiani."

"Akija, mtoto atahama," Danson akasema.

"Shangazi, mimi naweza kulala hata jikoni," Susan akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na sanduku lake la bati, bado hajalitua.

"Jikoni hapalaliki."

Hivyo ndivyo alivyomjibu mtoto aliyetoka kumzika mama yake. Danson hakubishana. Walishuka njia ile ile waliyopandia, na mwalimu mmoja, Jedidah, ndiye aliyempokea Susan akamlea mpaka akamaliza shule.

Krismasi ilipokaribia, chupa ilianza kunuka. Tryphena alidhani ni njaa, akaongeza mbolea. Harufu ikazidi mpaka ikatoka chumbani ikaingia sebuleni. Alipoingiza mkono kuutoa mpira, ulikuwa wa kahawia, ukamsambaratikia vidoleni kama mboga iliyochemka kupita kiasi. Aliufukia nyuma ya nyumba, akaiosha chupa, akaificha chini ya kitanda. Hakumwambia mtu. Dinah hakuja Krismasi hiyo wala zilizofuata, na barua zikakoma. Watu walimsema Dinah, wakamsema na Mjapani wake. Tryphena alijua mwenye kosa ni nani. Alikuwa ameifunga njia ya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, na wazo hilo alilala nalo na kuamka nalo. Akalitupa lile debe. Kabeji zake zikawa ndogo, zenye matundu, na wanunuzi wa Voi wakasema Mama Dinah amezeeka.

Mwaka wa themanini na tano gari la kukodi lilipanda Mghange mchana, akashuka Dinah na watoto wawili wasiojua hata kuamkia. Morita alikuwa amebaki hotelini. Jioni hiyo hiyo walipaswa kurudi. Tryphena alichinja kuku, akapika, akawapakulia wageni wake. Mwishowe akaweka sahani chini.

"Mwanangu, nisamehe. Niliuua. Niliutilia mbolea ukaoza. Ndiyo maana hukuweza kuja."

"Uliua nini, mama?"

"Mpira."

"Mpira gani?"

Ikabidi amweleze: ziwa la baridi, chupa, ahadi. Dinah alikunja uso akitafuta, kisha akakumbuka, akacheka kidogo.

"Ah, ule. Mama, ule huongezeka kama unene wa ukucha kwa mwaka mzima. Kuijaza chupa ungetaka miaka mia. Morita alikuwa anatania tu."

Tryphena alimtazama. Kwa hiyo siku ile walijua, wote wawili, wakacheka mbele yake. Hasira iliyompanda hakuwahi kuisikia kwa mtu yeyote, sembuse kwa mtoto aliyemzaa, na hakuwa na mahali pa kuipeleka.

Dinah alikuwa ameshainuka. Alifungua mlango wa chumba, akaona kitanda kilichotandikwa na kuta zilizopakwa chokaa.

"Na hiki chumba kizuri hivi kimekaa bure miaka yote?" akauliza. "Kwa nini hukumchukua hata mtoto wa mjomba ukae naye?"

"Kilikuwa na mwenyewe," mama yake akasema, akaanza kukusanya sahani.