Siku Gratien Alipojiita Seremala

Gratien hakuwa seremala. Tangu azaliwe hakuwahi kupigilia msumari ukaingia umenyooka, na kitanda alichomtengenezea Illuminée mwaka wao wa kwanza wa ndoa kilivunjika kabla ya Pasaka. Kila mtu pale Gisozi, mtaa wa mlimani Kigali, alilijua hilo. Kwa hiyo siku aliposimama mkutanoni akasema kazi yake ni useremala, watu walicheka kwanza wakidhani ni mzaha, halafu wakamtazama usoni, wakanyamaza.

Kwa nini mtu mzima mwenye akili zake aseme neno kama lile, inabidi kuanzia mbali kidogo.

Alizaliwa Bujumbura, mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda waliovuka mpaka na ng'ombe wawili wakafika na mmoja. Shule aliisoma mpaka darasa la sita. Baba yake alipofariki akapelekwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambako kila ua wa pili ni gereji, akajifunze kazi kwa fundi aliyeitwa Mzee Ramazani. Mzee yule hakuwa mtu wa maelezo. Alimfunga mwanafunzi kitambaa machoni, akawasha pikipiki, akamwuliza inaumwa nini. Ukikosea unafagia ua. Gratien alifagia mwaka mzima. Mwaka wa pili ufagio ukapewa mtu mwingine, maana yeye sasa aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akaubana sikioni, na kabla hajashika spana alikuwa ameshasema kama ni valvu iliyolegea, au kabureta inayomeza petroli kuliko hewa, au pete za pistoni zimekwisha.

Mwaka wa tisini na tano akarudi Kigali. Watu husema kurudi, ingawa yeye alikuwa hajawahi kuiona. Alikuja na mke, na binti yao Belyse akiwa mgongoni, na sanduku la spana. Kazi aliipata bondeni, kwenye kinamasi, ambako gereji zilikuwa zimebanana mlango kwa mlango. Motari, wale wabeba abiria kwa pikipiki, walikuwa wakitoka mpaka Remera, wanapita mafundi watano njiani, ili wamfikie yeye. Alijivuna, na haki ya kujivuna alikuwa nayo. Nyumba yake ya matofali alisema ameijenga kwa masikio.

Sasa, mwaka mmoja kabla Belyse hajaolewa, walikuja bondeni vijana wawili wenye daftari. Walikuwa na adabu. Walisema wanataka kujua kila fundi, jina lake na kazi yake, kwa sababu kuna mpango unaandaliwa, na serikali inataka kuwajua wale ambao mpango utawagusa. Mafundi walifurahi. Walidhani ni mikopo, au labda paa jipya. Gratien alitaja jina lake kwa herufi moja moja ili lisikosewe. Wiki tatu baadaye ikaja barua: kinamasi ni cha maji na ndege, kila aliye kwenye orodha ahame kabla ya mwisho wa mwezi. Wachache waliokuwa wamejificha siku ya daftari hawakupata barua. Walibaki chini ya miti yao miezi minane zaidi, wakichukua wateja wa wenzao.

Hakusahau. Alihamia Gisozi, akakodi kipembe nyuma ya karakana ya Gaudiose, mama mmoja mjane anayeuza makochi, akaanza upya katikati ya vumbi la mbao. Wateja walimfuata mlimani. Akamfundisha na Audace, kijana wa Kirundi, miaka minne, kwa kitambaa kilekile cha machoni, mpaka Audace akaoa, akafungua gereji yake barabara ya juu. Maisha yakakaa sawa. Lakini neno lile, "mpango utakaowagusa", lilibaki ndani yake kama mwiba wa samaki kooni.

Ndipo ikaja ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu walikuwa wamemaliza umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, wamezibua mtaro, wamekaa kwenye nyasi na majembe yao wasikilize matangazo. Mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chao pale mtaani, ni Kabagwira, mwanamke aliyekulia Uganda, mnyoofu, haibi wala hapendelei. Akasema kwamba kuanzia Januari pikipiki mpya ya petroli haitaandikishwa tena kubeba abiria Kigali. Mpya zote zitakuwa za umeme. Zilizo na namba zitaendelea mpaka zichoke zenyewe. Kisha akatoa simu yake kubwa, akasema anataka kuandika mafundi wote wa injini za petroli, kwa sababu wanaandaa mpango, na serikali inataka kuwajua wale ambao mpango utawagusa.

Gratien alihisi baridi ya kinamasi miguuni.

Alimtazama Audace upande wa pili, akamtikisia kichwa. Audace hakuelewa. Alipoulizwa akajibu fundi wa pikipiki, miaka sita, akataja na mahali gereji yake ilipo. Zamu ikafika kwa Gratien.

"Na wewe, Mzee Gratien, tuandike nini?"

"Seremala."

Hapo ndipo watu walipocheka wakanyamaza. Gaudiose alimkazia macho, kwa maana mtu huyu alikuwa hajui hata mbao za mikaratusi na za misonobari zinavyotofautiana. Kabagwira alimwuliza mara ya pili, taratibu, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango. Gratien akarudia kwamba yuko seremala, kwa Gaudiose pale, kila mtu anamwona. Kabagwira akaandika.

Walipokuwa wanapanda mlima na majembe mabegani, alimshika Audace mkono akamgombeza. "Umejipeleka mwenyewe," alimwambia. "Wataanza na nyinyi mlioandikwa. Mimi watanitafuta hawatanikuta." Audace akasema sawa, patron, kama mafundi wanavyomwita bosi, akapiga kona ya kwake. Usiku ule Audace hakulala vizuri, alikuja kukiri baadaye.

Januari ikafika, na sheria ikaanza kama ilivyotangazwa. Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Halafu zile za umeme zikaanza kuongezeka, zinapita bila sauti, mtu anashtukia upepo tu ubavuni. Za petroli zilipochoka, wenyewe hawakuzileta kutengenezwa, walikwenda kuziuza mikoani. Wateja wa Gratien wakawa wanane kwa siku, wakawa watano, wakawa wawili. Mucyo, motari aliyekuwa naye miaka kumi na mmoja, mtu ambaye hata ndoa yake ilisuluhishwa kwenye benchi la gereji ile, alikuja asubuhi moja amekalia ya umeme. Hakushuka. Alisema amekuja kusalimu tu. Gratien aliizunguka mara mbili, akauliza inafunguliwa wapi. Mucyo akatazama chini, akasema haifunguliwi na kila mtu, mzee. Kampuni inataka fundi mwenye cheti, akigusa asiye nacho wanaifunga kwa mbali haiwaki tena.

Mwezi wa saba Audace akapata ujumbe kwenye simu. Ameitwa mafunzoni, miezi sita katika shule moja ya ufundi, na mwishoni cheti cha kufungua pikipiki za umeme. Walioitwa ni mafundi wote wa petroli walioandikwa siku ya umuganda. Wote. Hakuna aliyefukuzwa popote. Safari hii orodha ilikuwa ya kuwasaidia.

Audace alimletea habari hiyo mwenyewe, amesimama, hakukubali benchi. Gratien alipangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwambia vizuri, nenda, na usikose hata siku moja.

Jumatatu akavaa koti lake la kanisani akaenda Kacyiru, kwenye ofisi za serikali alizoelekezwa. Alipokewa na binti aliyeitwa Trinah, wa umri wa Belyse, mwenye sauti ya upole. Akampa kiti. Akaingiza namba ya kitambulisho kwenye mashine, akasoma, akasoma tena.

"Mzee, hapa wewe uko seremala. Tena tulikutumia ujumbe wa semina ya mbao, hukuja."

Gratien alimweleza yote, tangu Buyenzi mpaka bondeni. Alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima. Trinah alisikiliza bila kutazama saa, na alipomaliza akamwambia kwamba neno hilo linaweza kurekebishwa. Lakini lililosemwa mbele ya wananchi linarekebishwa mbele ya wananchi. Alete barua ya mudugudu inayothibitisha kwamba amesimama mkutanoni akayakana yale aliyoyasema.

Illuminée aliposikia alikaa kwenye kizingiti. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na miaka ile yote hakuwahi kumsema mumewe mbele ya mtu. "Papa Belyse," alisema, "mbona hukuniuliza mimi siku ile? Ningekwambia Kabagwira si kama wale wa daftari." Na kweli angemwambia, naye Gratien angemsikiliza. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Umuganda ulikuwa umebakisha wiki tatu. Alizisubiri kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Siku ilipofika alilima nyasi za pembeni mwa barabara kwa nguvu kuliko vijana, halafu matangazo yalipokwisha akanyanyua mkono. Akasimama. Mtu wa miaka karibu sitini, ambaye majirani walikuwa wakimwita kwenye posa na kwenye misiba ili awasemee, akasema kwamba alidanganya. Akasema yeye ni fundi wa pikipiki, hajui useremala, alisema vile kwa woga. Kuna aliyeuliza kwa nyuma kama basi na umri wake aliudanganya. Kicheko kikapita. Mzee Rugamba, aliyekuwa naye bondeni zamani, hakucheka. Alikaa anang'oa majani moja moja.

Kabagwira aliandika barua palepale juu ya goti, akagonga muhuri, na alipompa aliishika karatasi kidogo kabla ya kuiachia. Alimwambia pole kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia.

Jumatatu tena, koti la kanisani tena. Trinah alimkumbuka. Alichukua barua, akaipiga picha, akabonyeza bonyeza, na neno la kazi yake likabadilika mbele ya macho yake: Gratien, fundi wa injini za petroli. Aliruhusiwa hata kuliona kwenye kioo cha mashine. Alilitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi moyo wake ukatulia.

Kisha akauliza aanze lini.

Trinah aligeuza kioo kikarudi upande wake. Akamweleza kwamba mafunzo yameanza wiki mbili zilizopita na viti vimejaa, kila kiti kina jina. Gratien akasema si kitu, atasubiri ya pili. Binti yule alikaa kimya, na mtu aliyezoea kusikiliza injini hakosi kusikia kimya cha aina ile.

"Ya pili kwa Gisozi haiko, mzee," alisema mwishowe. "Tulipanga kwa ile orodha ya kwanza. Ripoti imeshakwenda juu, Gisozi imekwisha. Mafundi wa petroli waliobaki bila mafunzo, tumeandika sifuri."

"Na mimi?"

Trinah alisema ataandika jina lake mahali, na kwamba wakifungua tena mpango, labda bajeti nyingine, atampigia. Alichukua namba ya simu. Aliiandika kwenye karatasi ndogo ya njano akaibandika ukingoni mwa mashine, palipokuwa na karatasi nyingine kama ile, tatu au nne, zimeanza kukunjamana. Gratien alimshukuru. Hakumchukia, wala asingejua amchukie nani. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Walimwuliza yeye ni nani, na alijibu.

Alirudi kwa miguu kutoka Kacyiru, akateremka bonde akapanda mlima wa pili, na alipofika hakwenda kazini wala hakula. Illuminée alimvua koti, akalitundika. Mwezi wa kumi Gaudiose alimwomba kipembe chake ili aweke makochi yasilowe mvua. Aliomba kwa heshima, na Gratien akampa siku hiyohiyo, maana kulikuwa na wiki nzima hajaingia mteja.

Audace alipomaliza shule, kabla hata hajatundika cheti ukutani, alikuja nyumbani na sukari na sabuni kama mkwe. Alizunguka maneno mpaka chai ikapoa. Alichotaka kusema ni kwamba pikipiki za umeme nazo zina matairi, zina breki, zina beringi za magurudumu, na hivyo vitu haviulizi cheti. Kama patron hatajisikia vibaya. Kama atapenda tu, kwa kupoteza muda.

"Nitakuja," Gratien alisema, ili kijana wa watu asiendelee kuteseka.

Akaenda. Alipewa kibanda cha mbele, karibu na barabara, na pampu, na beseni la maji la kutafutia tundu la tairi. Ndani, nyuma ya pazia la plastiki, Audace alifungua zile mashine kwa kompyuta ndogo, na kutoka kule hakukusikika chochote.

Siku ya tatu akaingia motari mgeni, mtu wa Remera, ambaye hakuwa amewahi kumwona. Alikuwa na haraka. Aliegesha, akatazama huku na huku, akamkuta mzee amechuchumaa juu ya tairi, akamwuliza fundi wa hapa yuko wapi.

Gratien alipangusa mkono kwenye suruali, akaunyoosha, akamwonyesha pazia.